Florence Nightingale: Taa Mkononi, Hesabu Mezani

Utangulizi

Mighani ina desturi ya kumpunguza shujaa hadi abakie na alama moja tu. Fumo Liyongo hukumbukwa kwa kitovu na sindano ya shaba. Lwanda Magere hukumbukwa kwa kivuli na mkuki. Florence Nightingale, mwanamke Mwingereza aliyefariki mwaka 1910, amebakia na taa. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, wauguzi ulimwenguni, wa Kenya wakiwemo, huadhimisha siku yao ya kimataifa, na katika sherehe nyingi taa au mshumaa huwashwa kwa kumbukumbu yake. Alama hiyo si ya uongo, kwani ni kweli kwamba alizunguka wodini usiku akiwa na taa mkononi. Hata hivyo, taa imekificha kifaa kingine alichokitumia kwa miaka mingi zaidi, yaani hesabu ya magonjwa na vifo. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa kuifuata hesabu hiyo. Ndiyo iliyombadilisha kutoka muuguzi wa wodi moja hadi mshauri wa serikali, na ndiyo iliyomlazimu, zaidi ya mara moja, kuihukumu kazi ya mikono yake mwenyewe.

Malezi na Elimu

Florence Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, ambako wazazi wake, William na Frances Nightingale, walikuwa ziarani. Wakampa jina la mji huo. Dada yake mkubwa, Parthenope, alikuwa amezaliwa Naples mwaka uliotangulia, naye pia akapewa jina la kale la mji wake. Familia ilikuwa tajiri, yenye nyumba mbili za mashambani nchini Uingereza: Lea Hurst katika eneo la Derbyshire na Embley katika eneo la Hampshire.

Baba aliamua kuwasomesha binti zake mwenyewe. Florence akajifunza Kilatini, Kigiriki, Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano, pamoja na historia na falsafa. Somo lililomvutia mno ni hisabati, ingawa mama yake hakuona faida ya somo hilo kwa msichana ambaye mustakabali wake ulikuwa ndoa na kuwakaribisha wageni sebuleni. Mnamo Februari 1837, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, aliamini kwamba Mungu amemwita kutumika, japo hakujua atumike vipi. Ilimchukua miaka kadhaa kutambua kwamba kazi hiyo ni uuguzi.

Wazazi walipinga vikali. Ikumbukwe kwamba wakati huo uuguzi wa hospitalini nchini Uingereza haukuwa taaluma ya heshima. Wengi waliouona kuwa kazi ya wanawake maskini wasio na mafunzo, na hata walevi. Florence hakurudi nyuma. Mwaka 1849 alimkataa mchumba aliyempenda, Richard Monckton Milnes, kwa kuwa ndoa ingemfungia nyumbani. Mwaka 1851 alifaulu kukaa takriban miezi mitatu katika taasisi ya mashemasi wa kike huko Kaiserswerth, Ujerumani, akajifunza kuwahudumia wagonjwa. Mwaka 1853 akateuliwa kuwa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake mjini London. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, lakini baba yake alikuwa amekubali kumpa pauni 500 kila mwaka za kujikimu.

Scutari

Mwezi Machi 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani dhidi ya Urusi kwa upande wa Dola ya Uthmaniya. Mapigano makali yalitokea katika rasi ya Crimea, na majeruhi wa Kiingereza wakawa wanasafirishwa kwa meli kuvuka Bahari Nyeusi hadi Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul. Magazeti ya London yalipofichua jinsi askari hao walivyokuwa wakioza bila bandeji wala wauguzi, umma ulighadhibika. Waziri Sidney Herbert, aliyekuwa rafiki wa Florence, akamwomba aongoze kundi la wauguzi. Aliondoka London tarehe 21 Oktoba 1854 na wanawake 38, akafika Scutari mapema mwezi Novemba.

Hospitali kuu ya Scutari ilikuwa kambi ya kijeshi iliyogeuzwa. Chini yake mlipita mitaro ya majitaka iliyoziba, vyoo vilifurika, wagonjwa walilala sakafuni wakiwa wamebanana, na hewa haikuingia. Florence na wenzake walisugua sakafu, wakafua nguo, wakapika chakula kinachoweza kuliwa na mgonjwa, na kununua vifaa kwa fedha zilizochangwa na wananchi. Usiku alipita na taa yake. Askari waliandika barua nyumbani wakimsifu, magazeti yakachapisha picha yake, na mwaka 1857 mshairi wa Marekani, Henry Wadsworth Longfellow, akamtungia shairi. Mighani ikawa imezaliwa.

Wakati sifa hizo zikipaa, askari waliendelea kufa. Vifo vilizidi katika miezi ya Januari na Februari 1855, yaani wakati ambapo Florence na wauguzi wake walikuwa wamekwisha kuwapo kwa miezi miwili na zaidi. Mwezi Machi mwaka huo serikali ilituma Tume ya Usafi, iliyowajumuisha daktari John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Tume ilizibua mitaro, ikaondoa mizoga, ikasafisha njia za maji na kufungua matundu ya hewa. Katika majira ya kuchipua vifo vikashuka mno. Wanahistoria wangali wanajadili ni kiasi gani cha ushukaji huo kilitokana na usafi na ni kiasi gani kilitokana na kupungua kwa baridi na kwa msongamano wa wagonjwa. Florence mwenyewe hakuwa na shaka: uchafu ndio uliokuwa ukiua, na upole wa muuguzi peke yake haukuweza kuuzuia.

Kutoka Idadi hadi Kiwango

Florence alirejea Uingereza mwezi Agosti 1856 kimyakimya, akikwepa gwaride na hotuba. Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema huyu alisifiwa kuliko mwanamke yeyote wa nchi yake baada ya Malkia, lakini tembo lake alizidi kulikoleza. Alikutana na William Farr, daktari na mtakwimu wa ofisi kuu ya usajili wa vizazi na vifo, na wawili hao wakaanza kuyachambua madaftari ya jeshi.

Madaftari yenyewe yalikuwa vurugu. Idara mbalimbali zilihesabu wafu kwa njia tofauti, na jumla zao hazikulingana. Isitoshe, hata idadi iliyo sahihi haisemi mengi ikiachwa peke yake. Mtu akiambiwa kwamba askari mia moja wamekufa, hawezi kujua kama hilo ni balaa au ni jambo la kawaida mpaka aulize maswali mawili: kati ya wangapi, na katika muda gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoigeuza idadi kuwa kiwango, na kiwango ndicho msingi wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyotokea na kuenea miongoni mwa watu.

Lugha ya Kiswahili ina istilahi zinazolieleza jambo hili kwa uzuri wa pekee. Katika hesabu ya sehemu, namba ya juu huitwa kiasi na namba ya chini huitwa asili. Asili ni chanzo, ni mahali kitu kilikotoka. Wafu ni kiasi. Kundi la watu waliokuwa katika hatari ya kufa ndilo asili yao. Kuwataja wafu bila kuitaja asili yao ni kusimulia nusu ya kisa.

Majedwali ambayo Florence aliyachapisha baada ya vita yanatoa mfano ulio wazi. Mwezi Januari 1855, jeshi la Uingereza katika medani hiyo lilikuwa na wastani wa askari 32,393. Katika mwezi huo mmoja, magonjwa ambayo yangeweza kuzuiliwa au kupunguzwa, kama vile kipindupindu na kuhara damu, yaliwaua askari 2,761. Majeraha yaliwaua 83, na sababu nyinginezo 324. Ukigawanya 2,761 kwa 32,393 kisha ukazidisha kwa 1,000, unapata vifo takriban 85 kwa kila askari elfu kwa mwezi. Ukizidisha kwa miezi kumi na miwili ili upate kiwango cha mwaka, unapata 1,022.8 kwa kila elfu.

Kiwango kinachopita elfu kwa elfu huenda kikamshangaza mwanafunzi, lakini maana yake si fumbo. Lau vifo vingeendelea kwa kasi ya Januari mwaka mzima, na kila aliyekufa nafasi yake ikajazwa na mwingine, magonjwa peke yake yangeua watu wengi kuliko jeshi lote. Aidha, kwa kila askari mmoja aliyekufa kwa majeraha mwezi huo, zaidi ya thelathini walikufa kwa magonjwa. Adui mkuu hakuwa Mrusi. Mnamo Machi 1856, jeshi likiwa na askari 46,140, magonjwa hayo yaliua 15 tu, na kiwango cha mwaka kikawa 3.9 kwa kila elfu. Idadi ya askari ilikuwa imeongezeka, ilhali kiwango cha vifo kilikuwa kimeporomoka. Bila asili, mabadiliko hayo yasingepimika.

Florence alijua kwamba mawaziri hawapendi kusoma majedwali. Kwa hiyo alichora duara lililogawanywa vipande kumi na viwili, kila kipande kikiwa mwezi mmoja, na ukubwa wa eneo la rangi ukilingana na kiwango cha vifo. Samawati ilisimamia magonjwa, nyekundu majeraha, na nyeusi sababu nyinginezo. Samawati ilitapakaa karatasi nzima, nyekundu ikawa ukingo mwembamba katikati. Michoro hiyo ilikuwa sehemu ya hoja zake katika ripoti ya zaidi ya kurasa 800 aliyoichapisha kwa faragha mwaka 1858. Mwaka huohuo alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mwanachama wa chama cha watakwimu mjini London.

Kulinganisha Walio Sawa

Walikuwapo waliosema kwamba vita ni vita na askari hufa. Ili kuwajibu, Florence na Farr waligeukia askari waliokaa kambini Uingereza wakati wa amani. Waliwalinganisha na wanaume raia wa umri uleule, kwa sababu kuwalinganisha vijana na wazee kungepotosha matokeo. Kati ya raia wenye umri wa miaka 20 hadi 25, kiwango cha vifo kwa mwaka kilikuwa 8.4 kwa kila elfu. Kati ya askari wa umri huo kilikuwa 17.0. Tofauti hiyo ilitisha hata zaidi kwa kuwa askari walichaguliwa miongoni mwa watu wenye afya njema, na wadhaifu walikataliwa mlangoni. Kwa hivyo ilipasa wafe kwa uchache kuliko raia. Badala yake, msongamano na uchafu wa kambi uliwaua maradufu.

Tume ya kifalme iliyoundwa mwaka 1857 chini ya Sidney Herbert ilizitumia hesabu hizo, na mabweni ya askari yakaanza kurekebishwa. Florence hakuweza kuwa mwanatume kwa kuwa alikuwa mwanamke. Alifanya kazi nyuma ya pazia, akiandaa maswali, majedwali na rasimu. Afya yake ilikuwa imedhoofika tangu homa iliyompata Crimea mwaka 1855, na kuanzia mwaka 1857 sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya akiwa kitandani au chumbani.

Wagonjwa wa Siku Moja na Wagonjwa wa Mwaka

Mwaka 1860 mkutano wa kimataifa wa takwimu ulifanyika London, na Florence akawasilisha mpango wa fomu moja ya kutumiwa na hospitali zote: wangapi wameingia, wangapi wametoka wakiwa wamepona, wangapi wamefariki, kwa ugonjwa gani na baada ya siku ngapi. Katika mwaka huohuo aliishawishi serikali kwamba sensa ya 1861 iwahesabu pia wagonjwa na aina ya nyumba wanazoishi watu. Bunge lilikataa.

Mapendekezo hayo mawili yanatofautisha vipimo ambavyo hadi leo wanafunzi wa uuguzi huvichanganya. Sensa ya siku moja ingeonyesha ni wangapi walio wagonjwa kwa wakati huo, wawe wameugua jana au miaka mitano iliyopita. Hicho ni kipimo cha kuwepo kwa ugonjwa. Fomu ya hospitali inayofuatilia wanaoingia katika mwaka huonyesha matukio mapya, yaani kasi ya watu kuugua. Ugonjwa wa muda mrefu unaweza kuwa na matukio mapya machache na bado wagonjwa wake wakajaa kila kijiji. Homa fupi huweza kuwapiga wengi katika mwaka na bado siku ya hesabu ikakuta wachache.

Florence mwenyewe alinaswa na mtego wa aina hii. Toleo la mwaka 1863 la kitabu chake kuhusu hospitali lilikuwa na jedwali la Farr lililoonyesha kwamba vifo katika hospitali 24 za London vilifika asilimia 90.84. Namba hiyo ilipatikana kwa kuchukua vifo 3,828 vya mwaka mzima wa 1861 na kuvigawanya kwa wagonjwa 4,214 waliokutwa vitandani tarehe 8 Aprili mwaka huo. Kiasi kilikuwa cha mwaka, asili ikawa ya siku moja. Madaktari wa London walikuja juu, na haki walikuwa nayo. Katika mwaka mmoja wagonjwa wengi hulala katika kitanda kimoja kwa zamu, na sehemu kubwa yao hurudi makwao wakiwa hai. Farr aliitetea hesabu yake kama kipimo cha vifo kwa mwaka wa kitanda, na kwa maana hiyo finyu inatetewa. Lakini msomaji wa kawaida alielewa kwamba wagonjwa tisa kati ya kumi hufa. Fauka ya hayo, hospitali za jiji zilipokea ajali na wagonjwa mahututi kuliko hospitali za mashambani, kwa hiyo kuzilinganisha bila kutenga aina za wagonjwa hakukuwa kulinganisha walio sawa. Waliofundisha taifa kuuliza asili walikuwa wameteleza katika asili.

Wodi Iliyofungwa

Kwa fedha zilizochangwa na wananchi kwa heshima yake, Florence alianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas' mjini London mwaka 1860. Baadaye kidogo fedha hizohizo zilitumiwa kuanzisha wodi ya kuwafunza wakunga katika hospitali ya King's College. Mradi huu ulikuwa karibu na moyo wake, kwa kuwa wanawake maskini walihitaji wakunga waliofunzwa. Wodi ilikuwa safi na wauguzi walikuwa hodari. Hata hivyo, homa ya uzazi iliingia.

Hesabu ilipofanywa, ilionekana kwamba kati ya wanawake 780 waliojifungua humo, 26 walikuwa wamefariki. Hiyo ni 33.3 kwa kila elfu. Katika Uingereza kwa jumla, ambako wanawake wengi walijifungulia nyumbani, tena mara nyingi katika nyumba duni, kiwango kilikuwa takriban 5 kwa kila elfu. Mwanamke maskini alikuwa salama zaidi katika chumba chake kibovu kuliko katika wodi iliyoanzishwa kwa jina la Florence Nightingale.

Ingewezekana kuzificha takwimu hizo, au kudai kwamba wanawake 780 ni wachache mno. Wodi ilifungwa mwaka 1867. Mwaka 1871 Florence alichapisha kitabu kizima kuhusu vifo vya wazazi katika hospitali mbalimbali, na wodi yake mwenyewe ikawekwa ndani ya jedwali pamoja na nyinginezo. Hapa ndipo tabia yake inapoonekana kwa uwazi kuliko mahali popote chini ya mwanga wa taa. Wapo wengi wanaopenda takwimu zinapowashtaki wengine.

Miaka ya Mwisho

Florence alishughulikia pia afya ya jeshi na ya raia nchini India, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Alituma fomu za maswali katika kambi zote, na ripoti ya mwaka 1863 ikaonyesha kwamba askari wa Kiingereza huko walikuwa wakifa kwa kiwango cha 69 kwa kila elfu kwa mwaka. Muongo mmoja baadaye aliandika kwamba kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 18. Baada ya hapo alijishughulisha zaidi na njaa na mifereji ya maji ya wakulima wa India, akitambua kwamba afya ya kambi haiwezi kutengwa na afya ya kijiji.

Hakuwa mtu asiye na kasoro. Kwa miaka mingi aliamini kwamba magonjwa husababishwa na hewa chafu, akawatilia shaka waliosema kwamba huambukizwa, na alichelewa kuikubali elimu ya vijidudu. Ajabu ni kwamba kiwango kilichopimwa vyema kiliweza kumwonyesha mahali pa kusafisha hata pale nadharia yake ilipokosea. Mwaka 1891 alitaka kuanzisha nafasi ya uprofesa wa takwimu katika chuo kikuu cha Oxford, lakini mpango huo haukufaulu. Mwaka 1907 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya kifalme ya Order of Merit. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910 mjini London akiwa na umri wa miaka tisini. Familia ilikataa azikwe Westminster Abbey pamoja na wakuu wa taifa. Alizikwa katika kijiji cha East Wellow, Hampshire, na juu ya kaburi pakaandikwa herufi mbili za jina lake pamoja na tarehe.

Hitimisho

Maisha ya Florence Nightingale yanaonyesha kwamba huruma na hesabu si mahasimu. Taa ilimwonyesha mgonjwa mmoja aliye mbele yake. Kiwango kilimwonyesha wale ambao hakuna taa ingewafikia, yaani askari wa mwaka ujao na mzazi ambaye hajaingia wodini. Muuguzi anayejaza rejista ya kituo cha afya leo anaendeleza kazi hiyohiyo. Kila mstari anaouandika ni sehemu ya kiasi au sehemu ya asili, na mstari ukiachwa wazi, kuna mgonjwa ambaye kisa chake hakitasimuliwa. Nao wasomi wa Kiswahili wana wajibu wao katika kazi hii: istilahi za kumwezesha muuguzi huyo kuuliza kati ya wangapi na katika muda gani zimo ndani ya lugha yao, na zinasubiri kutumika.